Sahani ya Maige

Katika kijiji cha Busekelele, upande wa Kharumwa, mnara wa mashujaa ulijengwa kabla hajapatikana shujaa wa kuandikwa juu yake. Saruji ilikuwa imeletwa kwa ajili ya choo cha shule, lakini Donatus, mwenyekiti wa kijiji, alisema choo hakina historia. Kijiji jirani kilikuwa na mnara wenye majina ya vijana waliokufa katika vita vya Kagera, na kila mwaka wakubwa wa wilaya walikwenda huko kuweka mashada. Walipokuwa wakipita Busekelele hawakusimama. Waliacha vumbi tu, na Donatus alilivuta vumbi lile mwaka baada ya mwaka hadi likamwingia rohoni.

Basi mnara ukasimama mbele ya ofisi ya kijiji, umepakwa chokaa, na katikati yake mwashi ameacha nafasi ya jina. Watoto wa shule wakaendelea kwenda porini.

Shida ya Busekelele ilikuwa kwamba vijana wake walirudi. Waliondoka na mgambo wakiimba, wakarudi wamekonda, lakini walirudi. Apolinari alirudi na redio na mguu wa kuburuta. Huyo angefaa sana kuwa shujaa, ila alikuwa na kasoro ya kuwa hai, na shujaa aliye hai huomba pombe, tena hukumbuka mambo ambayo hayamo kwenye hotuba. Juu ya hayo shamba lake la pamba lilikuwa limejaa majani, na Donatus alikwisha kumkaripia mbele ya mkutano. Huwezi kumkaripia mtu Jumatatu kisha umpe mnara Jumanne.

Aliyebaki bila kurudi alikuwa mmoja tu, Maige. Naye Maige alikuwa na mama.

Mama huyo alikuwa Paskazia, binti Maduhu, mwanamke mrefu mkavu, asiyejua kuazima chumvi. Kanisani padri aliposema pigeni magoti, yeye alipiga magoti alipokuwa tayari. Wakati wa Operesheni, walipokuja kuwahamisha watu kutoka mashambani wakakae kijijini pamoja, alibomolewa nyumba yake kama wengine, akaambiwa ajenge kwenye mstari. Akajenga kwenye mstari. Lakini mlango aliutazamisha alikotoka, na nyumba ikaipa mgongo ofisi ya kijiji. Donatus alipomwambia nyumba zote milango yake inatazama barabara, alijibu kwamba barabara haijawahi kumletea kitu. Mlango ukabaki pale pale.

Mumewe alikufa mapema, akamwachia mtoto mmoja, na shemeji mmoja aliyeitwa Maganga. Maganga hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu kusema kwa niaba ya watu, na nyumba isiyo na mwanamume ilimwasha ulimi. Tangu kaka yake hajapoa alikuwa tayari kusema kwa niaba ya nyumba ile: ng'ombe waende wapi, shamba lilimwe nini. Kilichomzuia ni Maige, aliyekua haraka, akavunja sauti, akaenda kukaa shikome.

Huko Usukumani jioni wanaume huota moto uani, karibu na zizi, na mahali hapo ndipo shikome. Wanawake hupika, na kila nyumba yenye mwanamume hupeleka sahani yake pale, wanaume wakala pamoja, sahani hii kisha ile. Nyumba inayopeleka sahani ina mtu. Isiyopeleka haina mtu, na wenye nazo wataisemea. Maige alipouza pamba yake ya kwanza alimnunulia mama yake sahani kubwa ya bati yenye maua mekundu ukingoni, na sahani hiyo ndiyo iliyokwenda shikome kila jioni, juu ya kichwa cha mama, shingo imenyooka.

Baadaye ilikwenda juu ya kichwa cha Zipora, mkewe Maige. Walioana, wakalima msimu mmoja, vita vikaingia. Jioni ya mwisho Maige alisimama shikome akiwa na mfuko begani, akawatania wazee: msinilie sehemu yangu. Wakacheka. Kesho yake akaondoka na lori.

Vita vikaisha, redio ikasema tumeshinda, wenzake wakarudi, Maige hakurudi. Alikuja mtu wa jeshi, kijana mpole, akavua kofia, akamwambia Paskazia kwamba mwanawe hajulikani alipo. Paskazia akamuuliza kama amekufa. Yule kijana akasema hawezi kusema amekufa, hakuna aliyeona mwili. Akamuuliza kama ametekwa. Akasema wapo waliotekwa, lakini hilo nalo hawezi kulisema. Paskazia akamshukuru, akampa maziwa ya mgando, akamsindikiza. Kisha akamwambia Zipora asonge ugali wa sahani ya shikome.

"Lakini mayu, mama yangu," Zipora akasema, "nani atakula?"

"Aliyewaambia wasimlie sehemu yake ni nani? Peleka. Wakiila, hilo ni deni lao."

Wanaume walipoiona sahani ile ya maua mekundu wakatazama chini. Jioni ya kwanza waliirudisha nusu. Ya pili waliimaliza, ili isiharibike. Wiki ilipokwisha aibu ilikuwa imekwisha nayo, na kama Zipora akichelewa, Makoye jirani, mtu mwenye tumbo na subira ndogo, alikuwa akiuliza kama nyumbani kwa Maige kuna mgonjwa.

Tena yalikuwapo maneno ya kulia ugali huo. Makoye alikwenda Geita kumtembelea mjomba wake kwenye machimbo ya dhahabu, akarudi akasema ameona kwenye mashimo mtu mmoja kwa nyuma, ana shingo kama ya Maige kabisa. Alimwita, mtu akageuka, akawa si yeye, lakini shingo ilikuwa yenyewe. Jioni ile Paskazia alipeleka samaki mkavu mzima juu ya ugali. Wanaume walitafuna wakifikiri. Haikupita muda, mwingine akasikia kwamba kuna mateka wamefungwa nchi ya mbali, wanafundishwa useremala, na mmoja ni Msukuma. Maganga naye, ambaye hakuwahi kufika mbali zaidi ya Kolandoto alikopelekwa hospitali kwa ngiri, aliota ndoto. Habari za Maige zikawa nyingi, na zilipatikana zaidi siku nyumba ile ilipochinja kuku.

Paskazia hakuwa mjinga. Alijua shingo haiwezi kujulikana kwa nyuma katikati ya vumbi la machimbo. Lakini kila aliyesema ameona, alikuwa amesema Maige yupo, tena amesema mbele ya wanaume wenzake, na neno la shikome halirudishwi mdomoni. Alikuwa akiwalisha na huku akiwafunga.

Mtu mmoja tu hakuigusa sahani ile. Apolinari alikuwa na Maige vitani. Sahani ilipofika alijiburuta upande wa pili wa moto akawasha redio. Hakuleta habari ya shingo wala ya useremala, na kwa hiyo watu walimwona mchoyo.

Sasa ikawa siku ya mashujaa inakaribia, na Donatus amekwisha kupeleka habari wilayani kwamba mnara uko tayari. Wakajibu kwamba mwaka huu mgeni rasmi atasimama Busekelele. Donatus alifurahi mpaka usingizi ukampotea, kisha akakumbuka nafasi ya jina.

Akaenda kwa Paskazia amevaa suti ya Chou En Lai, na ilimbidi aizunguke nyumba nzima kuupata mlango. Akaamkia vizuri, akakaa, akasifu mtama. Halafu akaeleza kwamba taifa linataka kumpa Maige heshima.

"Aje kuichukua mwenyewe," Paskazia akasema. "Heshima haibebewi mtu."

"Mayu, heshima hii ni ya waliolala."

"Wangu hajalala. Wewe ulimwona amelala wapi?"

Donatus akasema miaka imekuwa mingi. Paskazia akamjibu kwamba miaka haijawahi kuua mtu, wanaoua ni watu na magonjwa. Donatus akasema kijiji kizima kitapata sifa, na barabara huenda ikachongwa. Akaambiwa nyumba hii haina haja na barabara, na kama ni jina analitafuta, aandike lake, saruji ni yake na miguu ya kufa anayo.

Donatus akaona hapa pagumu, akaenda kwa Maganga. Maganga ndiye mkubwa wa ukoo, akikubali yeye limekubalika. Maganga akamsikiliza, akakuna kidevu. Akasema jina la mtu haliandikwi pamoja na ya wafu kabla ya matanga. Ni lazima ng'ombe dume achinjwe, watu wanyoe nywele, waseme kwaheri. Donatus akamwambia basi fanyeni matanga.

Hapo ndipo Maganga alipoingia kwenye mawazo mazito. Kwa desturi yao mtu akishafanyiwa matanga sahani yake haiendi tena shikome. Anayekula chakula cha marehemu anajitakia mwenyewe. Akaulizana na Makoye. Dume la ng'ombe ni nyama tamu, lakini ni siku moja, na watu watakuwa wengi, pamoja na wale wa Kharumwa wanaokula kama wanahama. Sahani ni kila jioni, tena kuna samaki. Waliipima hoja hii kwa uaminifu wote wa wazee, na mwisho wakapata hekima. Matanga yasifanywe. Jina liandikwe hivyo hivyo. Kwa serikali Maige atakuwa amekufa, na kwa shikome atakuwa hai. Mchana atakuwa mnarani, jioni atakuwa kwenye sahani.

Walikubaliana hivyo sahani ikiwa katikati yao. Zipora alikuwa nyuma ya zizi, amekuja kuchukua vyombo, akasikia yote. Akarudi akamweleza mama mkwe wake neno kwa neno, huku akisugua sufuria kwa majivu.

 Paskazia alikaa mlangoni akitazama alikotoka. Baadaye akauliza kama yule jogoo mwekundu bado anasumbua wenzake. Zipora akasema ndiyo. Paskazia akasema vizuri.

Siku ikafika. Kijiji kilifagiliwa, ngoma zikapashwa moto ngozi zikaze, watoto wakasimamishwa juani kwa mistari. Mgeni rasmi alitakiwa asubuhi, akaja jua limepinda, kwa Landrova, na shada la maua lililonyauka njiani. Alikuwa mtu mnene wa heri, uso umechoka, kwa maana huko alikotoka alipewa nyimbo nyingi na chai ya rangi. Sukari miaka ile ilikuwa habari ya kusikia tu.

Donatus akasoma risala. Alisema Maige, mwana wa Busekelele, alianguka akiwa mbele ya wote, bunduki mkononi, huku akitaja jina la kijiji chake. Apolinari, aliyekuwa amekaa chini kwenye kivuli cha mnara, akakohoa kwa muda mrefu. Donatus akangoja amalize, akaendelea. Mwashi alikwisha kupaka saruji mbichi pale pa jina, ameshika msumari, anangoja ishara.

Hapo watu wa nyuma wakaanza kupisha. Paskazia alikuwa anakuja, sahani ya maua mekundu kichwani, imefunikwa kwa kawa, na harufu ya jogoo inamtangulia. Nyuma yake Zipora na maji ya kunawa. Akapita katikati ya watoto wa shule, akaiweka sahani chini ya mnara, akafunua. Ugali wa mtama ulikuwa unatoa moshi. Akamwamkia mgeni, mgeni akasimama kidogo.

"Mgeni wetu, nakuomba radhi," akasema. "Hiki ni chakula cha mwanangu. Wazee hawa hula naye kila jioni. Leo nimesikia amekufa. Kama ni kweli, nirudi nacho, kwa sababu chakula cha maiti hakiliwi kwetu. Kama si kweli, wasogee, kinapoa."

 Hata ngoma iliyokuwa inajaribiwa pembeni ikaacha. Maganga akaangalia miguu yake. Makoye akaangalia jogoo.

Mgeni akainama kwa Donatus akamuuliza huyu mtu alikufa lini. Donatus akasema alikufa vitani. Mgeni akauliza nani aliona. Donatus akaangaza macho, akamwona Apolinari, akamtaja kwa kukosa wa kumtaja.

Apolinari akajiinua kwa kushika mnara. "Tulikuwa tunavuka," akasema. "Mizinga ikaja. Ilipotulia tukahesabiana. Tuliwazika waliokufa, yeye hakuwamo. Tulisonga mbele na waliobaki, yeye hakuwamo. Mimi nilimwita mpaka nikakatazwa. Zaidi ya hapo anayejua anijulishe na mimi."

Akakaa. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno marefu namna ile, na watu wakaelewa kwa nini alikuwa akiwasha redio.

Mgeni akafuta jasho. Yaelekea alifikiri kwamba mke atakuwa na jibu la kumtoa pale, kwa hiyo akamgeukia Zipora kwa upole akamuuliza yeye, mke wa ndugu yetu, anasemaje, mumewe yu hai au amefariki.

Zipora alikuwa bado ameshika jagi la maji. Akamtazama mama mkwe wake, akautazama ugali.

"Mimi napika," akasema.

Neno hilo lilimpita mgeni, likawapita wengi. Paskazia halikumpita. Liligonga mahali fulani, akashika kiuno kama aliyejikwaa. Lakini hakuwa mtu wa kujikwaa hadharani, akanyoosha shingo tena, akawageukia wazee.

"Shemeji Maganga. Wewe ndiye uliyeota. Ulimwona yu hai au ulimwona amekufa?"

Maganga akatazama kulia na kushoto. Mbele yake palikuwa na serikali, na mbele ya serikali palikuwa na jogoo. Kama akisema amekufa, basi miaka yote amekula chakula cha maiti, na wajukuu zake wako pale wanasikia. Akasogea taratibu, akanyoosha mikono, Zipora akammiminia maji. Akamega tonge.

"Yu hai," akasema, akalichovya.

Makoye hakungoja kuulizwa. Wakaja na wengine, mmoja mmoja, kila aliyewahi kuleta shingo au mateka, wakachuchumaa chini ya mnara wa mashujaa wakala na marehemu. Walikula vizuri. Harufu ikapanda jukwaani. Mgeni rasmi alistahimili kadiri mtu wa cheo anavyoweza, kisha akamuuliza Donatus kwa sauti ya chini kama hapa kijijini kuna utaratibu wa chakula. Donatus akasema kuna soda. Mgeni akashuka, akakunja mikono ya shati, akanawa. Serikali nayo ikamega tonge, na hapo Maige akawa hai kabisa, wa mchana na wa jioni.

Shada la maua likarudi na Landrova. Mwashi, ambaye hakuna aliyempa ishara, naye alikwenda kula, na aliporudi saruji ilikuwa imekwisha kukauka. Mnara umebaki vile vile, mtupu, mbuzi wanajikunia, na Donatus akitaka kwenda ofisini anapita kwa nyuma.

Watu walimsindikiza Paskazia kwa vigelegele. Hakuvijibu. Alifika nyumbani na sahani yake tupu, akaiosha mwenyewe. Zipora alikuwa ameanza kukoka moto, maana jioni ilikuwa inakaribia na sahani ya shikome haijui sherehe. Alichukua mwiko.

"Lete," Paskazia akasema.

Zipora hakuelewa. Paskazia akauchukua mwiko mkononi mwake, akakaa penye kigoda chake.

"Anayemngoja ni mimi. Wewe nilikufanya upike. Mimi nilidhani tunangoja wawili." Akachochea kuni. "Baba yako bado yupo Kharumwa. Nenda kawasalimie. Ukichelewa kurudi sitauliza, na ukiolewa, nitakuja kucheza. Ng'ombe tuliowatoa hakuna atakayewataja, huyo Maganga nitamfunga mdomo kwa ugali."

"Mayu, watasema umekubali amekufa."

"Waseme. Mimi nilikuozesha kwa mtu. Sikukuozesha kwa sahani."

Zipora alilia kwa muda, amekaa chini na jagi lake. Kisha akataka kumsaidia kusonga. Akakataliwa.

Lakini mkono wa Paskazia ulikuwa umezeeka tangu siku za shingo kunyooka na sahani kichwani. Mwiko ulikuwa mzito, unga ukamshinda, akasonga anasimama, anasonga anapumzika. Alipoumimina kwenye sahani ulikuwa na madonge kama kokoto za mtoni, mengine bado meupe ndani. Aliutazama, akautia kawa, akaubeba hivyo hivyo.

Wanaume walimwona anakuja mwenyewe, wakanyanyuka kidogo, jambo ambalo hawakuwa na desturi nalo. Akaweka sahani, akakaa kando mpaka wale, ili aondoke na chombo chake. Maganga akamega, akatafuna, akaacha kutafuna, akaendelea. Kusema ugali una madonge kulimaanisha kuuliza Zipora yuko wapi, na kuuliza hilo kulimaanisha kufungua mambo mengine. Akameza.

"Maige alipenda wenye madonge," Makoye akasema.

"Sana," Maganga akasema.

Ndipo ukasikika ule mguu unaoburutwa. Apolinari alikuja kutoka upande wa pili wa moto, redio ameizima, akachuchumaa kwa taabu penye sahani ya maua mekundu, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Akanawa. Akamega pale penye donge kubwa, akala, akamega tena. Wengine walimtazama wakingoja alete habari, maana ndiyo ilikuwa kanuni ya sahani ile.

Hakuwa na habari yoyote. Na Paskazia, ambaye kila jioni alikuwa akimuuliza Zipora habari za shikome, safari hii hakuuliza. Alingoja wakamaliza, akachukua sahani yake, akaenda kuiosha.